Tulivyokwenda Tabora Kupima Uvivu wa Kabula

Mimi ndiye niliyewaambia wanawake wa kikundi chetu cha kulimiana kwamba mjukuu wangu Kabula ni mvivu. Kila mwezi damu ikifika, analala mkekani kajikunja kama jongoo. Siku moja nikamjaribu. Nikapiga kelele, "Nyoka!" Akaruka hadi mlangoni. Nikawatangazia wenzangu: mzima huyu! Wakamtoa kikundini. Mvua zikaanza, shamba lake pori.

Kabula, mama wa watoto wawili, akanikabili. "Bibi, twende Tabora nikapimwe. Nikiwa mzima, nalima langu na lako. Nikiwa mgonjwa, uliyoyatangaza uyafute mwenyewe."

Nikakubali. Mimi simwogopi mtu.

Asubuhi tulipanda treni hapo Bukene. Njiani tumbo likamshika, akauma ncha ya kanga.

"Jikaze!" nikamwambia. "Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani, hakulia."

"Huyo babu alikuwa na kizazi?"

Abiria wakacheka. Nikatazama dirishani.

Jioni tulifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ilikopita misafara ile ya wapagazi, tukalala kwa mdogo wangu Nyamizi. Nikarudia habari za kujikaza. Nyamizi akaacha kusonga ugali.

"Dada, wewe? Ulipojifungua mtoto wa kwanza si walikusikia mpaka stesheni?"

Nikaomba mlenda.

Kesho yake tukaingia hospitali mjini. Daktari, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo, akampima Kabula kwa mashine ya picha.

"Bibi, ule utando wa ndani ya kizazi umepenya ukaota kwenye nyama ya ukuta wake. Kila mwezi nao unavimba humohumo. Na kwa wagonjwa wengi, mle ndani zimeonekana nyuzi za fahamu nyingi kuliko kawaida, nyembamba mno. Hizo ndizo zinazopeleka maumivu kwenye ubongo. Wataalamu bado wanazichunguza."

"Nani kazipanda?"

"Zimeota zenyewe."

"Basi zipalilie!"

"Si shamba, bibi. Tutaanza na dawa."

Nikatoa ushahidi wangu wa nyoka. Daktari akanitazama kwa huruma. "Hata aliyevunjika mguu atamkimbia nyoka."

Kabula alilia tu, na hakulia kwa tumbo.

Siku ya tatu tulirudi Bukene. Nikawafuata wenzangu shambani, nikawaeleza nyuzi zote.

"Lakini aliruka!" wakasema.

"Ngojeni nikae niwafafanulie, goti linaniua." Nikakaa juu ya tuta.

Nyuma yangu Kabula akapaza sauti: "Nyoka!"

Nilivuka matuta mawili kabla sijauliza yuko wapi. Wakacheka mpaka majembe yakawaponyoka. Na goti, jamani, lilikuwa linawaka vilevile.

Wiki ile tulilima shamba la Kabula, mimi mbele. Dawa imempunguzia maumivu, haijayamaliza. Akilala mkekani, nampelekea uji. Nyoka simtaji tena.