Waya wa Kabuku

Mwaka ule serikali ilipowahamishia watu vijiji vya ujamaa, Filomena alikuwa opereta wa simu posta ya Korogwe. Alichomeka na kuchomoa nyaya tangu alfajiri, visikizio kichwani, hata masikio yakamuuma.

Asubuhi moja Hamisa alifika dirishani akilia. Mama yake amefariki, mazishi ni alasiri, na kaka yake Isihaka amehamishiwa kijiji kipya upande wa Handeni, ambacho Hamisa hakijui.

Laini ya Handeni ilikuwa imekatika kwa mvua. Filomena akafikiri kidogo.

"Kaka yako ameoa kwa nani?"

"Kwa mzee Kibwana, aliyekuwa akichoma mkaa karibu na Kabuku."

Kabuku ilikuwa na waya wake, usiopitia Handeni. Akapiga dukani kwa Abdi, Mzigua, mtani wa Wasambaa kama yeye.

"Msambaa! Baridi imekufukuza tena mlimani?"

"Nimeshuka kuwafundisha kuoga. Sikia, mtani, nina msiba wa watu." Akamweleza.

Sauti ya Abdi ikashuka. "Mzee Kibwana hununua chumvi hapa. Yeye na mkwewe wamepelekwa kijiji kimoja, kule nyuma ya mashamba ya mkonge. Namtuma mtu kwa baiskeli sasa hivi."

Filomena akamwambia Hamisa aende nyumbani, akarudi kwenye nyaya. Watu walikuwa wakingoja kuunganishwa na Tanga na Mombo.

Isihaka alifika kwa lori la mkonge, sanda tayari imefungwa. Alishuka kaburini na matope yake ya safari, akampokea mama yake.

Filomena aliambiwa hayo baada ya wiki. Akaitikia kwa kichwa, maana taa mbili za simu zinazoita zilikuwa zinawaka mbele yake.