Umeme wa Pumzi ya Orval

Maishani mwake Lorene Haskett hakuwahi kuchagua jenereta. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe, Orval, tangu walipouza nyumba yao Nebraska wakaanza kuishi ndani ya gari. Lakini mwaka huu kifua kilimwangusha Orval. Sasa alipumua kwa mashine, mrija puani, na mashine haikuenda bila umeme. Jenereta yao ya zamani ilikuwa imekufa. Binti yao, Janelle, alishamtafutia baba yake kitanda Phoenix, kwenye nyumba ya wazee. Orval alitazama milima ya jangwani akasema, "Nikienda huko sirudi."

Basi Lorene akamwita jirani yao, Dub Pruitt, aliyekuwa akiuza jenereta nyuma ya pikapu yake. Pale Quartzsite, kambi ya magari jangwani Arizona, hununui jenereta kwa kusikia sifa zake. Muuzaji anakuletea mlangoni, nawe unaitwisha mzigo wa umeme mzito kuliko yote uliyo nayo.

"Chukua hili dubwana," Dub akasema. "Linawasha mtaa mzima."

"Nani atalibeba?"

"Si utaniita, jirani."

"Na ukishaenda zako kaskazini kukimbia joto?"

Dub akajikuna shingo. "Hapo umenishika."

Lorene akainama, akanyanyua moja ndogo, nyekundu, yenye mpini juu kama sanduku la safari. Akatembea nayo hadi ubavuni mwa gari. Wakaiwasha, wakaichomeka. Mashine ya Orval ikaanza kuhema. Joto la Aprili lilishapanda, kwa hiyo akawasha na kiyoyozi. Kiyoyozi kikaguna, taa nyekundu ya kuzidiwa ikawaka kwenye jenereta, umeme ukakatika. Injini yenyewe iliendelea kunguruma tu, haina habari. Mashine ya Orval ikapiga king'ora. Lorene akakimbilia mtungi wa akiba wa oksijeni, akaufungua, akauunga kwenye mrija.

"Mnaniua hata maharage sijala," Orval akasema.

"Nyamaza upumue, mzee."

Alipotoka nje alisimama mbele ya ile jenereta. "Ina pacha wake?" akamwuliza Dub.

"Inaye. Na waya wa kuziunga ninao."

Ya pili ikawashwa. Mwanzoni kila moja ilikuwa na sauti yake. Dub akachomeka waya. Moja ikapanda kidogo, nyingine ikashuka, zikawa zinatafutana, hadi Lorene asijue ipi ni ipi. Akaziwekea viganja vyote viwili. Zilitetemeka mtetemo mmoja, na hakuna aliyezionyesha namna. Kiyoyozi kikaanza. Zikainama pamoja chini ya mzigo, Lorene asivute hata pumzi, kisha zikainuka pamoja.

King'ora hakikulia.

Vinyweleo vilimsimama. Petroli ya kujaza birika tu, na kutoka humo umeme, na kutoka humo pumzi, inayoingia kifuani mwa mwanamume aliyelala ubavuni pake tangu usichana wake. Dub naye alikuwa amevua kofia, labda kwa joto.

"Lorene," Orval akaita kutoka ndani, "hizo ni ngapi?"

"Mbili. Na zote nabeba mwenyewe."

Orval akavuta pumzi ya mashine.

"Basi mpigie Janelle. Kitanda wampe mwenye shida nacho."