Anachovuta Fundi Stuli Nyuma ya Karakana

"Binti yako anavuta."

Maneno hayo niliyapata kwa jirani yangu muuza vitunguu, kwa ile sauti ya chini ya mtu anayekuonea huruma huku roho yake inafurahi. "Nimemwona kwa macho haya mawili. Kajibanza nyuma ya karakana, kaweka kitu mdomoni, kavuta, kabana pumzi, kafumba macho. Mwenzangu, ongea na mwanao."

Nilijaribu kuyapuuza, hayakunitoka. Nikiosha vyombo, anavuta. Nikianika nguo, anavuta. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe, tukimenya viazi.

"Mwanangu, unavuta?"

"Navuta, mama. Asubuhi na jioni."

Kisu kikaniponyoka. Yeye akacheka mpaka akakohoa, kisha akatoa mfukoni pampu ya zambarau. Ana pumu tangu utoto, ila mimi nilikuwa naijua ile ya bluu tu, ya kifua kikibana. Hii walimpa zahanati karibuni. "Navuta hii. Umedhani nini?"

Tulicheka sote. Lakini naandika haya kwa sababu neno hilo moja lilikaribia kuninyima mtoto.

Asubuhi hii karakana imeshafunguliwa. Fundi Stuli, ndivyo wateja wanavyomwita binti yangu kwa ufupi wake na kwa kuwa alianzia kwenye stuli, amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu. Mkono mmoja unakaza kitambaa, mwingine unagonga misumari midogo. Kitambaa kinakaa bila kunjo hata moja.

"Kochi ni kama mtu," anasema bila kugeuka. "Ukilivalisha vibaya, watu wanaona tumbo tu."

Chumba ni kimoja, mlango mmoja. Kuna vumbi la mbao, kuna sponji ambayo ikikatwa inatoa unga mwepesi, kuna gundi ambayo harufu yake inaingia hadi kwenye meno. Mwenye karakana, Mzee Randa, amekula vumbi hilo maisha yake yote, pamoja na sigara, na sasa ana ugonjwa sugu wa mapafu. Naye amepewa pampu yenye dawa mbili ndani, ya aina nyingine.

"Tukikohoa pamoja," anasema mzee, "mteja anadhani ni jenereta limegoma kuwaka."

Maneno ya jirani hayakuishia kwangu. Yalifika kwa wateja, wakaanza utani: "Fundi, leo umevuta ngapi?" Binti akaona aibu, akawa anaiacha pampu nyumbani. Halafu akaona kifua kimetulia, akaiacha kabisa. "Sikohoi, mama. Nivute ya nini?" Kumbe kifua kilitulia kwa sababu ya dawa hiyohiyo.

Ikaja kazi ya viti vya ukumbi. Akiwa anakata sponji, kifua kikafunga. Akaitafuta ile ya bluu, akaitikisa, kumbe ni tupu. Mzee Randa anasema alisikia filimbi kifuani mwake kabla hata hajageuka kumtazama. Hakumlaza. Alimkalisha kwenye kochi lisilo na kitambaa, ameinama mbele kidogo, kisha yeye na wapita njia wakalipakia kochi na mtu wake kwenye mkokoteni na kuusukuma hadi zahanati.

Nilikutana nao njiani. Mwanangu amekaa juu kama bibi harusi, lakini midomo imekuwa ya kijivu. Alitaka kuniita, sauti haikutoka. Nikaushika mkono wake, nikakimbia kando ya mkokoteni na kandambili moja.

Walimpa oksijeni na dawa ya mvuke. Pumzi iliporudi, dada wa zahanati akamshikisha pampu kama ile aliyoiacha nyumbani, akamwambia, "Hebu nionyeshe unavyovuta hiyo ya zambarau."

Akabonyeza, akanyonya harakaharaka kama anayeonja chai ya moto.

"Basi umelisha ulimi," dada akasema. "Mapafu yaliambulia makombo."

Akamfundisha upya: itikise, toa pumzi, fumba midomo vizuri, bonyeza huku ukivuta taratibu, bana pumzi kidogo. Ukimaliza, sukutua na uteme, maana dawa ikibaki mdomoni inaleta utando mweupe. Kisha akatueleza: "Humu mna dawa mbili. Moja inapoza uvimbe kwenye njia za hewa, polepole, kila siku. Nyingine inalegeza njia zilizobana zikae wazi kwa muda mrefu. Ukiiacha kwa sababu unajisikia mzima, uvimbe unarudi kimyakimya."

Tulipofika nyumbani nikamwomba aachane na makochi, auze nguo.

"Mama yangu," akasema, "nikiacha makochi nitapumua, sawa. Na hiyo pumzi nitaifanyia nini?"

Nikaiacha habari ya nguo.

Siku hizi anavuta mlangoni, mbele ya wateja, kabla hajafungua gundi. "Karibu, ngoja nimalize kuvuta," anawaambia. Mzee Randa anasema ameacha sigara. Mimi nikipita karibu naye bado nanusa moshi.

Mpango wa fundi ni kujenga banda lisilo na kuta nyuma ya karakana, sponji ikatwe huko na gundi ipakwe huko, vumbi liende na upepo. Nguzo ameshazichagua. "Nataka nizeeke nikiwa fundi," anasema. "Nikohoe kwa uzee tu."

Nawe mwenye mgonjwa wa pumu au wa mapafu nyumbani, epuka haya:

Kuacha pampu ya kila siku kwa sababu kifua kimetulia, bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Kudhani pampu zote ni moja. Kuna za kila siku tu, kuna za kubanwa, kuna zinazofanya yote mawili. Uliza yako ni ipi.

Kuazimana pampu. Ya Mzee Randa ni ya Mzee Randa.

Kuvuta na kuondoka bila kusukutua.

Kutembea na pampu tupu.

Moshi wa sigara, na vumbi au gundi katika chumba kisichopitisha hewa.

Kumlaza chali mtu aliyebanwa.

Kungoja nyumbani wakati mtu hawezi kumaliza sentensi. Mpeleke hapohapo, hata kwa mkokoteni.