Pamba ya Sidiria

Nikipasua mto wa pamba, harufu yake hunirudisha uani kwetu Dutwa. Mama alikuwa ametoka hospitali, saratani imemwondolea titi moja, na hacheki tena. Wanunuzi binafsi walikuwa wakichanganya tu pamba safi na fifi, ile chafu, hivyo kuitenga hakukuwa na faida, lakini majirani walikuja kuchambua vilevile, wapate kukaa naye na kumpigia hadithi.

Siku hiyo jirani mmoja aliigiza fisi aliyekwenda kuposa. Mama akacheka mpaka pamba aliyojazia sidiria ikadondoka. Wote wakainamia pamba zao.

Mama akaiokota, akaigeuzageuza juani.

“Mayu, mbona hii fifi?” akamwambia yule jirani, mama mwenzake. “Nichagulieni safi!”

Ua mzima ukaangua kicheko. Nikakimbilia rundo la pamba safi, nikajaza viganja vyote viwili, ingali na joto la jua.