Mashine Iliyosahau Kufuma

Ukitaka kumchokoza Robi Nchagwa, mwambie tu kwamba kifaa fulani kimekufa. Atakutazama juu hadi chini, atakinyakua mkononi mwako, na kabla hujamaliza kueleza kilivyokufa atakuwa ameshakifungua. Ndivyo alivyo tangu utotoni kwao Ukurya, ambako babake alichunga ng'ombe na redio ikining'inia begani. Redio hiyo ilipokata kauli, bintiye ndiye aliyeichokoachokoa mpaka ikaanza kuropoka tena. Siku hizi ana duka la kutengeneza televisheni mjini Migori, na watu humwita Fundi bila kuongeza jina.

Basi msimu wa mvua uliopita, radi ilibisha hodi kwa Mama Bathsheba, kule Rongo. Mama huyu ni Mkisii, Msabato wa kutoka moyoni, aliyekuja Rongo na mumewe kufanya biashara na akasomesha watoto wake kwa kufuma sweta za shule. Mashine yake ni ndefu kama kitanda. Ina safu ya sindano, na juu yake kigari kinachokimbia kulia na kushoto kikipitisha amri: sindano hii panda, ile baki chini. Radi iliunguza ubao wa saketi ulioongoza mambo hayo yote, na waliounda ubao huo walishaacha kuuunda kitambo. Mokaya, mwanawe Mama Bathsheba, hakuona haja ya kuhangaika. Alimpigia simu Joash, mnunuzi wa vyuma chakavu, aje na pikapu Jumapili asubuhi.

"Ikifuma kabla Joash hajafika, inakaa," Mama Bathsheba alimwambia Robi, baada ya kumwita aje kuitengeneza. "Isipofuma inaenda. Mimi sina nguvu ya kugombana na Mokaya kila siku."

Aliyasema hayo mkono wake ukiwa juu ya kigari, na haukutoka pale hata baada ya kumaliza kusema. Robi aliuona mkono huo, na roho ikamuuma kweli.

Alianza na kitu alichokizoea, kikompyuta kidogo cha kwenye chipu. Kikompyuta cha namna hiyo husoma amri moja, kikaitekeleza, kisha kikasoma ya pili. Kigari kilipokwenda kwa mwendo wa kinyonga, mambo yalikuwa shwari. Kilipokimbia, amri zilichelewa, sindano zikarukwa, na kitambaa kikatoka na matundu kama wavu wa samaki. Mokaya alikiinua juu, akachungulia nje kupitia tundu mojawapo, akaondoka akicheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomtia Robi moto. Nyumbani alikuwa na chipu ya aina nyingine, ile ambayo mafundi huipanga wenyewe, na bei yake haikuzidi ya jogoo. Alikuwa ameichezea tu kwa kuwasha na kuzima vitaa. Safari hii aliiangalia kwa jicho jingine, usingizi ukamruka kwa furaha.

Maana chipu hii, ikitoka dukani, haijui lolote. Ndani yake mmejaa vijisanduku vidogo mno, maelfu kwa maelfu, vyote sawasawa. Kila kimoja kina jedwali fupi la majibu: nikipata hii na hii, nasema ndiyo, nikipata hii bila ile, nasema hapana. Kina pia nafasi ya kukumbuka jibu moja tu, basi. Katikati yake pamepita nyaya nyingi zenye viungo vinavyoweza kufungwa au kuachwa wazi. Fundi anaandika kwenye kompyuta saketi anayoitaka, na programu inajaza majedwali na kuunganisha nyaya. Hakuna kuchomelea waya hata mmoja. Chipu ileile leo itaongoza taa za barabarani, kesho ipangwe upya iendeshe mashine ya kufuma. Na utamu wenyewe uko hapa: vijisanduku vyote hufanya kazi kwa mpigo mmoja. Cha sindano hii hakingojei cha sindano ile.

Robi alihamia kwa Mama Bathsheba na kompyuta yake, akaipachika chipu mahali pa ubao ulioungua. Na kwa kuwa stima ya Rongo ikipotea haiagi mtu, alifunga betri kando yake, kama anavyofanya dukani kwake, ili chipu isizimike kamwe. Akawa anaandika, anaipelekea chipu mpangilio mpya kwa kebo, anajaribu, anatukana kidogo, anaandika tena. Ijumaa mchana kigari kilikimbia kwa kasi yake yote, na kikashusha kitambaa cha buluu chenye mistari myeupe, bila tundu hata la kupitisha uzi. Robi alicheza katikati ya mabunda ya nyuzi, akamvuta Mama Bathsheba naye acheze, na mama wa watu akacheza, kitambaa akiwa amekikumbatia.

"Joash akija Jumapili atakunywa chai arudi kwao," mama alisema.

Jumapili asubuhi Robi alirudi kutoka kwake Migori, akaingia akipiga mluzi. Pikapu ya Joash ilikuwa tayari mlangoni. Aliwasha mashine ili amwonyeshe. Kigari kikaenda kulia, kikarudi kushoto, na hakuna sindano iliyojisumbua kunyanyuka. Akazima, akawasha. Mambo yakawa yaleyale. Mluzi ulimkaukia mdomoni.

"Fundi, mimi nimetoka Ndhiwa na mafuta ni yangu," Joash akasema, bila ubaya wowote. "Kama ni skrapu, tupakie twende."

Mokaya alikuwa ameshainama na spana, na nati ya mguu wa kwanza ilikuwa inalegea. Mama Bathsheba alisimama kando, macho ameyaelekeza ukutani.

"Mama, kuna mtu ameguza hapa?" Robi aliuliza.

"Nani aguze? Ijumaa jua likielekea kuzama nilizima swichi kubwa, nikatoa na hiyo betri yako. Kwangu Sabato ikiingia, kila kitu kinapumzika. Leo asubuhi ndiyo nimerudisha."

Robi alijipiga kofi kwenye paji la uso. Kila mara alikuwa akiupeleka mpangilio moja kwa moja ndani ya chipu, kama wafanyavyo wote wanapojaribu, na chipu huushika maadamu inalishwa umeme. Ukikatika, inarudi kuwa ile isiyojua lolote. Pembeni yake kuna kumbukumbu ndogo isiyosahau, ambayo chipu huisoma kila inapoamka, na Robi hakuwa ameandika kitu humo. Hakuwahi kuona tofauti, kwa kuwa woga wake wa stima kupotea ulimfanya asiizime hata mara moja.

"Mokaya, ngoja kidogo," alisema, akifungua kompyuta.

"Umesema hivyo wiki nzima."

"Wee Mokaya, acha hiyo spana," mamake akasema, na Mokaya akaiacha.

Robi alichomeka kebo. Vidole vilikosea herufi, akafuta, akaandika upya, na safari hii akauelekeza mpangilio kwenye kumbukumbu. Akawasha. Sindano zikapanda na kushuka, mistari myeupe ikaanza kuteremka, na Joash mwenyewe akapiga makofi.

Mama Bathsheba hakupiga. Alikwenda ukutani na kuivuta chini swichi kubwa, kisha akarudi na kuichomoa betri.

"Mama, unafanya nini?" Mokaya akauliza.

Mama alisimama mbele ya mashine iliyonyamaza, midomo ikicheza polepole kama ya mtu anayesali, na Robi alitamani ardhi immeze. Kisha mama akairudisha betri mahali pake na kuipandisha swichi.

Kigari kilitetemeka. Kikaenda kulia, na sindano zikanyanyuka kukipokea, safu baada ya safu, buluu na nyeupe. Robi aliangua kilio, na hakujali nani anamwona.

"Sasa inajua kupumzika," Mama Bathsheba alisema, akimshika mkono. "Na ikiamka inakumbuka kazi."

Joash akauliza kama ile chai bado ipo. Mokaya alipiga magoti, akaokota spana, na kuanza kuikaza ile nati aliyoilegeza.