Mafuta ya Kitanda

Binti wa jirani yangu hapa Mikumi amepata biashara ya mafuta ya nywele. Kila Jumamosi anakaanga nyonyo kwenye sufuria kuukuu, anazitwanga, anazichemsha, kisha anaengua mafuta yanayoelea juu na kuyatia kwenye vichupa. Harufu yake inaingia kwangu bila hodi, nzito, yenye kuungua kidogo, kama karanga zilizosahauliwa motoni. Mimi nafunga dirisha na kusingizia vumbi la malori.

Nyonyo hizo zinanirudisha Chanzuru, chumbani kwa mama yangu, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nikiwa msichana wa darasa la tatu. Sogeeni niwasimulie. Nawaambia mapema kwamba hasira yangu haijapoa, kwa hiyo mkinisikia nimepandisha sauti mnivumilie.

Baba yangu, Mzee Shabani, alikuwa seremala. Madawati ya shule yetu aliyachonga yeye, na viti vya ofisi ya kijiji, hata mimbari ya msikiti. Lakini kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa kitanda cha mninga alichomtengenezea mama walipooana. Kilikuwa na miguu minene iliyokerezwa, na ubao wa kichwani wenye maua ambayo mimi nilikuwa nikiyahesabu nilipougua homa. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Viungo vyake viliingiana na kukazwa kwa vigingi vya mti. Tulipohamishwa kutoka mashambani kwetu upande wa Zombo kuja kijiji kipya cha nyumba za mistari, mama alikubali kuacha kuku na mihogo ardhini, ila aligoma kupanda gari kabla kitanda hakijapanda.

Zamani baba alikuwa akinunua polishi ya kopo kwenye duka la Mhindi, Kilosa mjini. Kisha maduka yakaanza kukauka. Sabuni ikawa ya foleni, sukari ikawa ya kujuana, na polishi ikawa hadithi. Baba alinung'unika wiki nzima. Mama akamwambia, "Mume wangu, mti ulikuwepo kabla ya kopo," akachukua kapu na kutoka.

Tangu siku hiyo Alhamisi alasiri ikawa siku ya kitanda. Mama alichoma maganda makavu ya ndizi, majivu yake akayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, akamimina maji juu yake. Yaliyodondoka kwenye bakuli yalikuwa ya rangi ya chai na yaliteleza kidoleni kama ute wa bamia. Ukiyachezea sana yanakubabua. Hayo aliyazimua kwa maji na kuyapitisha kwenye viungo, kunguni walikojificha. Palipokuwa na doa alisugua kwa ndimu na chumvi. Palipokwaruza nilipewa kazi mimi, ya kusugua kwa majani ya msasa, yale makali kama ulimi wa paka, nikifuata nyuzi za mti. Nikikosea na kusugua kwa kukata nyuzi, mama hakunifokea. Alinishika mkono na kuuelekeza, kama mtu anayemgeuza mbuzi aliyepotea njia.

Mwisho yalikuja mafuta. Nyonyo tulizichuma kwenye minyonyo iliyojiotea nyuma ya choo. Mama aliyapasha mafuta moto, akatia kipande cha nta tuliyopewa na warina asali, na kupaka kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Mninga ulikunywa. Naapa ulikunywa, nilikuwa nauona. Kisha rangi yake nyekundu ilipanda juu, chumba chote kikanukia ndimu na nyonyo. Baba aliporudi kutoka shamba la kijiji alisimama mlangoni, akavuta pumzi kwa nguvu na kuuliza, "Hapa kuna bibi harusi?" Kila Alhamisi aliuliza hivyo hivyo, na kila Alhamisi mama alicheka.

Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa baba, alikuwa akija siku za Ijumaa kula kwetu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akapapasa mbao zake na kusema, "Wifi, una mikono." Nilimpenda Shangazi kwa neno lile.

Kifua cha baba kilianza kama kikohozi cha vumbi la mbao. Hospitali walimpa dawa, dawa zikaisha, wakamwambia arudi zikija. Alikufa mwanzoni mwa masika, juu ya kitanda kile, mama akiwa amemshika miguu.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana si wote mnatoka kwetu. Sisi Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume ilirithiwa na mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake. Chuoni, yaani madrasa, mwalimu alitufundisha mafungu ya mirathi, kwamba mke ana lake na mtoto ana lake. Lakini mtu akifa, chuo kilikaa kimya kwanza, ukoo ukazungumza. Mpwa wa baba alikuwa Rajabu, mtoto wa Shangazi Mwajuma. Arobaini ilipopita alikuja na wenzake, wakabeba kabati, meza, viti na sanduku zima la zana, randa na misumeno. Ndivyo ilivyokuwa, hata kaka zake mama walirithi hivyo hivyo.

Kitanda ndicho pekee alichokiomba. Nilikuwepo, nimekaa miguuni pake. Alisema, "Wifi, vyote chukueni. Kitanda niachieni, amenifia juu yake." Shangazi akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake na kusema mbele ya wote, "Wifi, wewe kaa eda yako vizuri. Ukitoka salama, kitanda ni chako." Nikaona uso wa mama ukilegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Eda mnaijua, miezi minne na siku kumi. Mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajipaki mafuta ya kunukia wala wanja wala hina. Mama alivaa kaniki na kukaa chumbani. Nywele zilimkauka, visigino vikapasuka, hata mafuta ya mgonjwa alikataa. Alikuwa analinda kitanda chake.

Masika ya mwaka ule ilikuwa haina huruma. Paa letu la nyasi lilivuja upande wa kichwani, na hakukuwa na mwanamume wa kuliezeka. Kila asubuhi tuliziba kwa nyasi na kukinga kwa sufuria. Baada ya majuma kadhaa mama aliniita nione. Yale maua ya baba yalikuwa yameota ukungu mweupe, na kiungo kimoja kilianza kuvimba. Alikifuta kwa kitambaa kikavu. Kesho yake ukungu ulikuwa umerudi, umeongezeka.

Alivumilia siku nyingi, akikaa anautazama tu. Halafu Alhamisi moja akaniambia, "Zaina, nenda nyuma ya choo kachume nyonyo. Pitia na ndimu kwa Mama Asha."

Alipika mafuta humo humo chumbani, kwenye jiko la mawe matatu, moshi ukitutoa machozi. Kabla hajaanza kupaka alijifunga matambara mikononi mpaka kwenye viwiko, akaniambia nimkazie mafundo. "Yasiniguse," alisema. "Yasije yakanigusa hata tone." Alipaka kwa mikono ile minene kama ya mtu aliyeungua, na ule uso wa mbao ukarudi kidogo kidogo. Alipofika kwenye maua aliweka paji la uso juu yake na kulia. Nadhani hapo ndipo mafuta yalipomgusa.

Siku ya pili mke wa jirani alileta uji. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akamtazama mama, akaweka bakuli chini na kuondoka haraka. Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mjane wa Mzee Shabani ananukia. Kufika keshokutwa alikuwa anajipaka mafuta, tena ana mtu.

Shangazi Mwajuma alikuja na wanawake wawili wa ukoo. Nilitoka kuwaamkia. "Shikamoo Shangazi." Akaitika "Marahaba" bila kunitazama. Waliingia, hawakukaa. Shangazi akainama, akachukua mikono ya mama, akaipeleka puani kwake na kuinusa, kiganja kimoja kisha cha pili, kama mtu anayenunua samaki.

"Ni ya kitanda, wifi," mama alisema. "Kimeota ukungu. Nilifunga matambara, muulize mtoto."

"Kitanda hakikai eda, wifi. Wewe ndiye unayekaa."

"Wallahi sijajipaka."

"Sisi tunanusa tunachonusa."

Nilisubiri Shangazi acheke. Mimi mtoto nilijua kabisa kwamba harufu ile aliizoea, maana alikuwa akiikalia kila Ijumaa na kuisifu. Nikasema kwa sauti, "Shangazi, si ndiyo ile ya siku zote?" Mmoja wa wale wanawake akanivuta sikio hadi nje. Mwalimu wa chuo aliposikia habari alikuja kusema kwamba kusafisha mbao hakuharibu eda. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa chai, na alipoondoka wakaendelea na lao.

Rajabu alikuja na trela la trekta la kijiji. Waligonga vigingi vikatoka, kitanda kikawa mbao tu, wakazipitisha mlangoni moja moja. Mama hakuweza kuwafuata nje, eda ilimzuia. Alisimama nyuma ya mlango, nusu umefungwa, na kitu pekee alichosema kilikuwa hiki: "Rajabu, baba, msikiweke juani. Kinataka mafuta kila Alhamisi, kidogo tu, mfuate nyuzi." Rajabu alisema "Ndiyo mama," kwa heshima zote, na trekta likawaka.

Mama alimaliza eda yake mpaka siku ya mwisho, akilala kwenye mkeka juu ya udongo wenye unyevu. Nilimwona mjinga. Kitanda kimekwenda, anamlindia nani? Sikuthubutu kumuuliza.

Baada ya hapo wajomba walikuja kutuchukua, tukahamia Munisagara, karibu na reli. Mama aliishi miaka mingi sana kule, na sikumwona tena akigusa nyonyo. Minyonyo ilijiotea nyuma ya nyumba ya wajomba vilevile, akaing'oa. Mikono aliiosha kwa majivu kila jioni mpaka ngozi ikawa kama gome. Nilipoolewa na kununua kabati langu la kwanza nilimwomba anifundishe vipimo vya nta, ambavyo sikuwahi kuvishika. Akasema, "Nunua ya dukani, mwanangu." Na mjane yeyote aliyemjia kumpa pole, au msichana yeyote aliyelalamika juu ya wakwe, alimwambia neno moja: "Mimi niliponzwa na mikono yangu." Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa. Nilimbishia mara nyingi, nikasema Shangazi alikuwa na roho mbaya, alijua kila kitu. Alitikisa kichwa. "Aliniahidi mbele ya watu, Zaina. Nilichotakiwa ni kukaa tu. Nikashindwa kukaa."

Miaka miwili baada ya kumzika mama, niliitwa Chanzuru. Shangazi Mwajuma alikuwa mgonjwa, hana macho tena, na mkwe aliyekuwa akimwangalia alikuwa amechoka naye. Nilikwenda kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Nilimwosha, nikamlisha uji, na aliposhiba akaanza kuongea mambo ya zamani, kama wazee wafanyavyo, hajui anachomfanyia msikilizaji.

"Mama yako alikuwa mtu mwema," alisema. "Ila alitupatia kazi."

"Kazi gani, Shangazi?"

"Ile ya kitanda. Rajabu alikuwa anaoa baada ya mavuno, na kitanda alikwishaahidiwa. Tulikubaliana siku ile ile ya msiba, marehemu bado anaoshwa. Mimi nikasema yale maneno ya eda ili asilie mbele ya wageni. Basi siku zinakwenda, yeye katulia kama jiwe, hana doa, sisi tunakosa la kusema. Tulikuwa tumeanza kuogopa." Akacheka kidogo, akakohoa. "Mafuta yale Mungu aliyaleta. Lakini hata bila hayo, mwanangu, kingeondoka. Wewe umewahi kuona mjane wa kwetu kabaki na kitanda?"

Nilikuwa nimeshika kikombe chake. Nilikiweka chini polepole kwa sababu mkono wangu ulitaka kufanya jambo jingine.

Wenzangu, utoto wangu wote, na ukubwani pia, niliamini kwamba kulikuwa na mtihani, na mama alifeli kwa uonevu. Hasira yangu yote ilisimama juu ya ule uonevu. Kumbe hapakuwa na mtihani. Angekaa miezi ile yote bila kunyoosha kidole, ukungu ukakila kitanda mbele yake, wangemkuta na kosa la kukohoa. Hakupoteza kitu kwa kupaka yale mafuta. Alipata Alhamisi moja zaidi na mumewe, basi.

Ningempa neno hilo moja, ningemtua mzigo wa miaka yote. Nilifika Munisagara nikaenda moja kwa moja makaburini, nikakaa pembeni ya kaburi la mama mpaka jua likazama. Mama alikwishakufa, na alikufa akiamini ni yeye.