Mabao Kumi na Tisa Ambayo Sikuyafunga

Katika miaka yangu yote ya Durban nimekimbia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nawahi lifti, mara ya pili nilikuwa naikimbia mvua, na mara zote mbili nilishindwa. Kazi yangu ni cherehani. Nimeiweka ndani ya fleti, ghorofa ya saba, South Beach, wateja wanapanda wenyewe, na bahari iliyo chini pale naiangalia kwa dirisha kama mtu anayechungulia televisheni ya jirani. Nasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyewahi kutangazwa mfungaji bora wa timu ya mpira.

Mambo yalianza mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini. Timu yetu ilikuwa ya mchanganyiko, Warundi, Wakongo na sisi Watanzania wachache, ikicheza Isipingo kila Jumapili mchana kwenye ligi ya wageni. Mimi nilikuwa fundi wa jezi tu. Ligi ilitaka kila mchezaji awe na kadi yenye picha, na kadi haikutolewa bila kibali cha kukaa nchini. Mshambuliaji wetu, Mrundi niliyeishi naye fleti moja, pazia katikati, kibali chake kilikuwa kimekwisha na foleni ya kukihuisha ilikuwa imemshinda mara tatu. Changu kilikuwa kizima. Basi nikajiandikisha mimi, akacheza yeye. Wote tulikuwa na vipara na ndevu chache zisizojiamini, na plastiki ya kadi ilikuwa na ukungu. Refa aliitazama kadi, akamtazama mtu, akasema "Sharp," yaani sawa, ikawa imekwisha.

Msimu ule alifunga mabao kumi na tisa. Katibu, kwa kuogopa ligi isije ikakagua kitabu, aliyaandika yote kwa jina langu. Kila Jumapili mwenzangu alirudi amevimba vifundo vya miguu, akajitupa kitandani upande wa pili wa pazia.

"Fundi, leo umefunga mawili."

"Ndiyo maana miguu inaniuma. La pili nilifungaje?"

"Kwa kichwa. Ulivyo mfupi, hata mimi nilishangaa."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Baadaye kibali chake kikatoka, timu ya Pinetown ikamchukua, na walipokutana na sisi akatufunga mawili, safari hii kwa jina lake. Mwenyekiti wetu hakumsamehe kwa hilo. Msimu haujaisha goti lake likaharibika, mpira ukaishia hapo. Akaoa, akahamia hukohuko Pinetown, akawa analinda magari kwenye maegesho ya maduka.

Miaka kama minne ikapita. Siku moja mwenyekiti, kinyozi wa Kikongo anayeamini kila kitu alichokiona kwenye televisheni, aliona kipindi cha besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga kampira kwa rungu. Akaambiwa kwamba wenzetu wana jumba zima la kutukuza wachezaji wao wakubwa, na kila mwaka wapiga kura wanagombana: huyu alidanganya, asiingie, yule naye alidanganya lakini anapendeka, aingie.

"Sisi tutafanya muzuri kuliko wao," akasema. "Sisi tuko na sheria."

Mama mwenye mgahawa tunakokula samaki na majani ya muhogo akatoa ukuta ulio karibu na friji. Kamati ikawa ya watu watano, watatu kati yao wageni kwenye timu. Sheria zikawa tatu: kazi ya mtu ionekane kitabuni, awe na tabia njema, na apate kura nne.

Sheria hazikudumu hata chai kupoa. Kipa aliyewahi kumzaba kofi mshika kibendera akapita, kwa sababu alichokozwa, na kwa sababu ni shemeji wa mwenyekiti. Beki mmoja mpole akakataliwa kwa tabia mbaya. Kosa lake, hakuonekana kwenye misiba miwili. Winga mmoja wa Kikongo alikuwa amecheza msimu mzima kwa kadi ya binamu yake, na kila mtu alijua. Mwenyekiti akapunga mkono: "Macho yetu ilimuona. Kitabu iko karatasi tu." Picha yake ikapanda.

Likaja jina la mshambuliaji wetu. Mwenyekiti akafungua kitabu taratibu kama padri.

"Simuone humu."

Nikaitwa kuwa shahidi. Niliacha suruali ya mtu nusu, nikashuka mgahawani.

"Hii kadi iko ya nani?"

"Yangu, mwenyekiti."

"Na jina hii, yenye mabao kumi na tisa?"

"Langu."

Nilijibu ukweli mtupu, na sijawahi kudanganya vibaya kama siku ile. Wale wageni watatu wakanitazama kitambi, wakatazamana. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu. Kumlipizia yule Mrundi yale mabao mawili ya Pinetown kwa mkono wangu kulimpendeza sana. Wakalipigia kura jina langu, nikapata nne.

Ningependa kusema nilinyamaza kwa kuogopa kibali changu. Niliogopa, ndiyo, lakini kidogo. Ukweli ni kwamba watu waliokuwa wanakula waliacha sahani zao wakanipigia makofi, na mimi hapo nyuma nimewahi kupigiwa makofi na bibi harusi mmoja tu, tena alikuwa ananihimiza nimalize gauni. Nikainua mkono. Naam, nikainua mkono, kama mchezaji anayetoka uwanjani.

Picha walikuwa nayo. Siku moja nilivaa jezi namba tisa kupima kola, mtu akanipiga picha na mpira kwapani. Ikatundikwa, chini yake jina na mabao.

Haikupita wiki mbili Mrundi akapiga simu.

"Fundi! Nimesikia ukuta umetoka. Mama mkwe amekuja kutoka Bujumbura. Tangu nimuoe binti yake ananiuliza miaka yote ile huku nilikuwa nafanya nini, na mimi sina kitu kingine cha kumuonyesha. Jumamosi ninamleta. Nimo, si ndiyo?"

"Mabao yako yote yapo," nikasema. "Karibuni sana."

Jumamosi nilikwenda kabla yao, nikijiambia nitamvuta pembeni nimweleze. Niliagiza samaki ili nipate nguvu. Walipoingia nilikuwa bado nachambua miiba. Mama mkwe, kitenge kimepigwa pasi, alivaa miwani akaanza picha ya kwanza, akasoma kila jina kwa sauti ya chini. Mkwewe alimfuata nyuma, akichechemea, shati jeupe, anatabasamu. Tabasamu lilimkauka kabla mama hajafika kwenye yangu. Mama akaitazama picha, akageuka, akaniona na mkia wa samaki mkononi.

"Ni wewe huyu?"

Nilimtazama Mrundi. Angesema neno moja tu pale ningeumbuka mbele ya mgahawa mzima, na kibali changu kingeanza kuulizwa maswali.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Hongera, mwanangu. Mkwe wangu anasema na yeye alicheza. Mlikuwa pamoja?"

"Tulikuwa pamoja, mama," Mrundi akadakia. "Huyu alikuwa hatari. Kuna moja alifunga kwa kichwa, huwezi kuamini ukimtazama." Akamsimulia bao moja baada ya jingine, pasi ilitoka wapi, kipa aliangukia wapi, yote kwa jina langu, macho yake ukutani. Mama akawa anatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akamuuliza kwa upole, "Na wewe, ulifunga?"

"Mara chache," akasema.

Samaki yule sikummaliza.

Jumatatu nilikwenda kwa kamati kukiri. Nilikuwa nimejiandaa kuitwa mwizi. Mwenyekiti hakuacha hata kunyoa.

"Nani hapa hajui? Tukitoa wewe, tutoe na winga. Tukiweka yeye, beki atauliza na yake. Eish, acha vile iko."

Nikaenda mgahawani, nikapanda kiti, nikaishusha picha mwenyewe. Pakabaki msumari. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejikubali kidogo, nikampigia simu.

"Nimejitoa ukutani," nikamwambia, nikingoja shukrani.

"Na mimi wamenitia?"

"Hapana."

Nilisikia honi za taxi huko kwake.

"Mama anataka turudi Jumamosi. Ameipenda ile hadithi, anataka kuiona tena picha yako. Sasa yale mabao yako wapi, Fundi?"

Nilitafuta utani. Kwa kawaida sikosi. Akasema kuna gari linataka kutoka, akakata.